Zama za Mwangaza na maisha ya leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mada ya Zama za Mwangaza, yaani kipindi cha karne ya 18 hivi ambapo wasomi wa Ulaya walihimiza watu watumie akili zao na kuhoji mamlaka, ikifunguliwa, iwe darasani kidato cha tano au barazani baada ya Isha, maswali huwa ni haya haya. Majibu mengine ni marefu na mengine ni ya sentensi mbili tatu, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Zama za Mwangaza zilianza lini na zikaisha lini?

Wengi huanzia miaka ya 1680. Mwaka 1687 mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton alichapisha kazi yake kuu ya fizikia, na 1689 mwanafalsafa Mwingereza John Locke akatoa hoja zake kwamba serikali hupata uhalali kutoka kwa wanaotawaliwa. Mwisho wake kwa kawaida huwekwa kwenye Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Vituo vikuu vilikuwa Paris, London, Edinburgh, Amsterdam, Berlin na Milan, na ng'ambo ya Atlantiki, Philadelphia.

Wenyewe hawakuwa na uhakika wanaishi katika zama gani. Desemba 1783 mchungaji wa Berlin aitwaye Johann Friedrich Zöllner aliandika makala ya kutetea ndoa za kanisani, na katika tanbihi akauliza kwa hasira kidogo: huu mwangaza unaotajwa kila siku ni kitu gani hasa? Mwaka uliofuata mwanafalsafa Immanuel Kant akamjibu kutoka Königsberg, mji ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Insha inayosomwa na kila mwanafunzi wa falsafa ilitokana na tanbihi ya mtu mwingine.

Kant alijibu nini, kwa lugha nyepesi?

Kwamba mwangaza ni mtu kutoka katika utoto aliojitakia mwenyewe, yaani kuacha kutegemea akili ya mwingine wakati yake anayo. Anawasema wavivu bila huruma: nina kitabu kinachonielewea mambo, nina mchungaji mwenye dhamiri kwa niaba yangu, nina daktari wa kunipangia chakula, basi nijisumbue kwa lipi? Ongeza simu kwenye orodha hiyo na umemaliza kulinganisha zama zake na zetu.

Sehemu inayorukwa sana ni ile nyingine. Kant alimsifu mfalme wake, Frederick II wa Prussia, ufalme wa Kijerumani, kwa msimamo wa kwamba watu wahoji wanavyotaka na juu ya jambo lolote wanalotaka, lakini watii. Ofisa katika kazi yake afuate amri. Akiandika kama msomi mbele ya umma, awe huru. Mtumishi wa umma wa leo anayejiuliza kama anaweza kuikosoa wizara yake kwenye ukurasa wake binafsi anazunguka palepale.

Kwa nini kila anayeeleza zama hizi hutaja mikahawa?

Kwa sababu ndiyo iliyokuwa vijiwe. London ulilipa peni moja, ukapata kikombe, magazeti yaliyowekwa mezani, na ruhusa ya kukaa ubavuni mwa mtu usiyemjua na kumkatiza maneno. Mfanyabiashara alikutana na mhubiri, mwanafunzi na nahodha. Mkahawa wa Edward Lloyd, uliofunguliwa miaka ya 1680, ulipendwa na wenye meli kwa sababu ndipo zilipopatikana habari za meli zipi zimefika na zipi zimezama. Waliokuwa tayari kubeba hatari ya safari kwa malipo wakahamia hapo hapo. Soko la bima la Lloyd's lililopo London mpaka leo lilitoka kwenye meza zile.

Watawala walianza kuogopa mapema. Desemba 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza aliamuru mikahawa yote ifungwe, akitaja habari za uongo na za uchochezi zinazosambazwa humo. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba Januari 1676, kabla amri haijaanza kutumika, akaifuta. Uganda ilipozima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, chombo kilikuwa kimebadilika, hofu ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba Charles hakuwa na swichi.

Kahawa yenyewe, tukumbuke, Ulaya iliipata kupitia bandari ya Mokha, Yemen. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawahitaji kufundishwa na London jinsi kikombe kidogo cha kahawa chungu kinavyofungua midomo.

Basi mitandao ya kijamii ndiyo mikahawa ya leo?

Kwa sehemu tu. Mkahawani uliyemtukana ulimwona uso. Kinachofanana zaidi na mitandao ni barua na vijitabu visivyo na jina la mwandishi. Wasomi wa Ulaya waliandikiana bila kuchoka. Barua za mwandishi Mfaransa Voltaire pekee zilizobaki ni zaidi ya 15,000. Kwa kawaida aliyelipia posta alikuwa mpokeaji, kwa hiyo mtu aliyechoshwa na matusi aliweza kukataa kuigomboa barua. Mfumo huo ungefaa urudi.

Wanaodhani kufuatiliwa kwa watumiaji ni ubunifu wa makampuni ya teknolojia wamsikie Joseph d'Hémery, ofisa wa polisi wa Paris aliyesimamia biashara ya vitabu. Kati ya 1748 na 1753 alikusanya mafaili ya waandishi wapatao 500: jina, umri, sura, anakoishi, na kinachosemwa juu yake.

Kamusi elezo ya Diderot ilikuwa na nini cha kutisha?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Denis Diderot alikuwa mtoto wa mfua visu wa mji wa Langres. Yeye na mwanahisabati Jean d'Alembert walianza kutoa kamusi elezo yao Paris mwaka 1751, na kazi ikaisha 1772: majuzuu 17 ya maandishi na 11 ya michoro, yenye makala zaidi ya 70,000. Takriban makala 17,000 kati ya hizo ziliandikwa na mtu mmoja, Louis de Jaucourt, ambaye watu wachache humkumbuka.

Ukifungua majuzuu ya michoro unaona karakana: mafundi wakivuta waya na kuukata ili kutengeneza pini, kitanda cha kufumia soksi kimefunguliwa kipande kwa kipande, vyombo vya muoka mikate na vya mfua chuma vimepangwa kwa namba. Siri za ufundi zilizolindwa na vyama vya mafundi zikawekwa hadharani, tena zikapewa heshima ile ile iliyopewa teolojia. Kwa mtoto wa mfua visu hilo halikuwa jambo dogo.

Halafu kuna ujanja wa rejea. Kila kitabu kilipita mikononi mwa wadhibiti wa serikali, kwa hiyo makala nyeti ziliandikwa kwa upole, na sumu ikafichwa kwenye viashirio. Makala ya wala watu inamalizika kwa kumwelekeza msomaji atazame Ekaristi, Komunyo na Altare, yaani ibada ambamo Wakatoliki hula mwili wa Kristo. Msomaji aliyefuata viungo hivyo alijichekea peke yake.

Mwaka 1759 serikali ilifuta kibali cha uchapishaji, na Papa akakiingiza kitabu katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Lakini Malesherbes, mkuu wa udhibiti wa vitabu, alikuwa rafiki wa mradi. Mwaka 1752, amri ya kukamata miswada ilipokuwa njiani, alijitolea kuificha nyumbani kwake. Aliyemuumiza Diderot kweli hakuwa mfalme. Mwaka 1764 aligundua kwamba mchapishaji wake mwenyewe, Le Breton, amekuwa akikata sentensi za hatari kisirisiri, baada ya Diderot kusahihisha kurasa za mwisho. Mwandishi yeyote aliyewahi kufungua gazeti asubuhi na kukuta aya yake imenyolewa ataelewa ghadhabu ile.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, inaweza kusomwa bure na kuhaririwa na mtu yeyote, lakini ile ya Diderot iliuzwa kwa mamia ya livre, fedha ya Ufaransa ya wakati huo, na fundi aliyechorwa ndani yake hakuweza kuinunua. Kwa upande mwingine, waandishi wa Diderot walihatarisha kifungo kwa walichoandika. Mwaka 1749 Diderot mwenyewe alikuwa amefungwa katika ngome ya Vincennes kwa zaidi ya miezi mitatu.

Je, ni kweli Voltaire alisema atatetea hadi kufa haki yako ya kusema asichokubaliana nacho?

Hapana. Sentensi hiyo iliandikwa mwaka 1906 na Evelyn Beatrice Hall, Mwingereza aliyekuwa akieleza msimamo wa Voltaire kwa maneno yake mwenyewe. Alichokifanya Voltaire kina uzito zaidi. Machi 1762, Toulouse, Mprotestanti Jean Calas aliuawa kwa kuvunjwavunjwa juu ya gurudumu, akituhumiwa kumuua mwanawe asiingie Ukatoliki. Ushahidi ulikuwa uvumi. Voltaire alipiga kelele kwa barua na maandishi mpaka Machi 1765 Calas akatangazwa kuwa hakuwa na hatia. Ndiyo kampeni ya kwanza ninayoijua ya kutumia maoni ya umma kuibana mahakama.

Watu walioandika kwamba binadamu ni huru, mbona walimiliki watumwa?

Kwa sababu "binadamu" wa maandishi yao mara nyingi alikuwa na mipaka ambayo hawakuiandika. Locke alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyosafirisha Waafrika utumwani. Thomas Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki katika maisha yake watu zaidi ya 600.

Chukua mwaka mmoja tu, 1776. Machi, Adam Smith alichapisha kitabu chake cha uchumi, ambamo alisema kazi ya mtumwa mwishowe ndiyo ghali kuliko zote. Julai 4, Wamarekani wakatangaza uhuru wao. Septemba 14, kwenye kisiwa cha Kilwa, Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani: watumwa 1,000 kila mwaka, piastre (sarafu ya fedha) 20 kwa kila mtu, na piastre mbili juu yake kuwa zawadi ya sultani. Mkataba ulikuwa wa miaka 100. Watu hao walikuwa wapelekwe mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, vile tunavyoviita leo Morisi na Réunion. Mwalimu anayefundisha Mwangaza katika shule ya Lindi au Mtwara hana haja ya kwenda Virginia kutafuta mfano. Wala asiufiche upande wa pili wa mkataba: aliyeuza alikuwa mtawala wa mwambao wetu.

Hata hivyo si kweli kwamba "kila mtu wakati ule aliona ni sawa". Jaucourt, yule yule wa makala 17,000, aliandika katika kamusi elezo kwamba biashara ya watumwa inavunja dini, maadili na sheria za maumbile. Hoja ilikuwepo, imechapwa, inauzwa madukani. Waliofaidika waliisoma na kuendelea.

Nani basi aliyechukua maneno yale kama yalivyoandikwa?

Watumwa wenyewe. Katika koloni la Saint-Domingue, Haiti ya leo, kulikuwa na watumwa karibu nusu milioni wakati Paris inapiga kura kupitisha Azimio la Haki za Binadamu na Raia, Agosti 26, 1789. Miaka miwili baadaye, Agosti 1791, waliinuka. Februari 1794 bunge la mapinduzi la Ufaransa likafuta utumwa katika makoloni yote. Kwenye kisiwa cha Morisi walowezi walikataa. Wajumbe wa Paris walipofika 1796 kutekeleza amri hiyo walifukuzwa kisiwani, na waliotoka Kilwa wakabaki shambani. Mwaka 1802 Napoleon akarudisha utumwa. Jeshi lake likashindwa Haiti, na Januari 1, 1804 nchi ikatangaza uhuru.

Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka manowari kudai faranga milioni 150 kuwa fidia ya waliopoteza "mali", na mali hiyo ni pamoja na watu. Mwaka 1838 deni likapunguzwa kuwa milioni 90. Anayeuliza kwa nini mjadala wa fidia hauishi aanzie hapo.

Kulikuwa na Mwafrika yeyote miongoni mwa wanafalsafa wa Ulaya?

Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa karibu na Axim, Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo na kulelewa katika nyumba ya watawala wa Wolfenbüttel, Ujerumani. Alisoma Halle, na mwaka 1729 alitetea hoja juu ya haki za Waafrika walioko Ulaya. Maandishi hayo yamepotea. Alipata udaktari Wittenberg mwaka 1734, akafundisha Halle na Jena, kisha akarejea Axim. Kizazi kimoja baadaye Kant aliandika mambo ya aibu kuhusu uwezo wa akili wa watu weusi, katika nchi ambayo Amo alikuwa amesimama mbele ya madarasa yake.

Na wanawake?

Walifungua kumbi zao za mijadala, wakalisha wageni, wakapatanisha magomvi, na vitabu vikaandikwa kwa majina ya wanaume. Émilie du Châtelet alitafsiri kwa Kifaransa kazi kuu ya Newton na kuisahihisha akiwa mjamzito, akihofia hataishi. Alifariki Septemba 1749, siku chache baada ya kujifungua. Tafsiri hiyo bado inatumika. Olympe de Gouges aliandika mwaka 1791 azimio la haki za mwanamke, akisema mwenye haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa awe na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Novemba 1793 alipandishwa lile la kwanza. Wanawake wa Ufaransa walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1945.

Mabishano ya chanjo ni ya leo tu?

Yana miaka mia tatu. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston. Mtumwa aliyeitwa Onesimus alikuwa amemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, jinsi kwao Afrika walivyotia usaha wa ndui kidogo kwenye mchanjo wa ngozi ili kumkinga mtu. Daktari Zabdiel Boylston alijaribu: zaidi ya watu 240 walichanjwa, sita wakafa. Kati ya waliougua bila kuchanjwa alikufa takriban mmoja katika kila saba. Ukadhani namba hizo zingewatuliza watu. Mtu alirusha bomu dirishani kwa Mather. Mwaka ule ule Lady Mary Wortley Montagu, aliyejifunza mbinu hiyo Istanbul, alimchanja binti yake London.

Mwaka 1760 mwanahisabati Daniel Bernoulli alipiga hesabu kwamba kuchanja wote kungeongeza wastani wa maisha kwa takriban miaka mitatu. D'Alembert, mtu wa sayansi vilevile, akambishia: mama hafikirii wastani, anafikiria mwanawe anaweza kufa mwezi huu kwa mkono wake. Maofisa wa afya wa leo bado wanahangaika na jibu hilo.

Mei 14, 1796 Edward Jenner alitumia ndui ya ng'ombe, iliyo salama zaidi. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini na bado alikwepa sindano, kwa kuogopa maumivu. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya polio, akiwasimulia wazazi wenye wasiwasi yaliyompata, na alifariki 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Katiba zetu zina alama zozote za zama hizo?

Mihimili mitatu, yaani Bunge, Serikali na Mahakama, ni mgawanyo uliotetewa na mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu mwaka 1748. Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania inasema "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa", na mtu aliyesoma azimio la Ufaransa la 1789 anaisikia sauti ile. Lakini haki hizo ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 tu, na usawa wa binadamu ulikuwa tayari kwenye imani ya TANU, kwa sababu zilizotokana na ukoloni na si na vitabu vya Paris.

Eneo ambalo mjadala haujafungwa ni adhabu ya kifo. Cesare Beccaria wa Milan, akiwa na miaka 26, alichapisha mwaka 1764 hoja kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa, si ukali wa adhabu. Toscana, Italia ya leo, ikaifuta adhabu ya kifo mwaka 1786. Rwanda iliifuta 2007. Kenya, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2017 kwamba jaji hawezi kulazimishwa kuitoa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema vivyo hivyo kuhusu sheria ya Tanzania.

Mtu wa mwaka 1760 akiletwa leo, kitamshangaza nini?

Si simu, nadhani. Ni watoto. Ufaransa ya wakati wake karibu nusu ya watoto hawakufika miaka kumi. Diderot na mkewe walipata wanne, akakua mmoja, Angélique. Cha pili ni kwamba karibu kila mtu anasoma. Mwishoni mwa karne ile, waliooana Ufaransa na kuweza kutia sahihi majina yao walikuwa takriban asilimia 47 ya wanaume na 27 ya wanawake. Kwa nini watu wengi hivyo wanaojua kusoma wanashiriki habari bila kuifungua, hilo sijui nani angemweleza.

Nikitaka kuwasoma wenyewe, nianze na nani?

Insha ya Kant, kwa sababu ni kurasa chache. Kisha Beccaria, aliye wazi na mfupi. Voltaire ukihitaji kucheka. Montesquieu soma kwa kuchagua sura, hakuna anayemmaliza. Mwanafalsafa Rousseau muweke mwisho, si kwa sababu ni mgumu, bali ana namna ya kumfanya msomaji akubali kabla hajatambua amekubali nini.